Siku moja ya fundi cherehani asiye na mfuko wa nyongo

Saa 11:30 alfajiri. Nyalenda, mtaa wetu hapa Kisumu, bado ina giza ninapowasha jiko. Zamani kifungua kinywa changu kilikuwa chai ya maziwa na mandazi mawili. Tangu nitolewe mfuko wa nyongo miezi saba iliyopita kwa sababu ya vijiwe, chai hiyo na mandazi yake zilikuwa zinanikimbiza chooni kabla sijafunga mlango wa nyumba. Sasa ni uji wa wimbi, kikombe kimoja, na ndizi mbivu. Nakunywa nikiwa nimekaa, bila haraka.

Saa 1:15 asubuhi. Kabla sijafungua kibanda changu hapa soko la Kibuye, napitia kwa mama anayeuza chakula, nampa pesa yake mapema. "Mama, ngege wangu usimtie kwenye karai." Anajua. Nisipolipa asubuhi, ikifika mchana samaki wote wameshakaangwa.

Kisha sare za shule hadi saa 4. Mteja mmoja aliniuliza juzi kwa nini nakula kila baada ya saa chache kama mtoto. Nilimweleza kama daktari alivyonichorea kwenye karatasi. Ini ndilo linalotengeneza nyongo, kati ya nusu lita na lita moja kwa siku, na bado linafanya kazi hiyo. Mfuko ulikuwa ghala tu: ukila mafuta, unabanwa na kumwaga nyongo kwa wakati mmoja. Ghala likiondolewa, nyongo inatiririka kidogo kidogo mchana na usiku, uwe umekula au hujala. Kwa hiyo mlo mdogo wenye mafuta kidogo unamudiwa vizuri. Sahani iliyojaa mafuta inaielemea nyongo hiyo, tumbo linaunguruma, na nyongo nyingi ikifika utumbo mpana inavuta maji. Huko ndiko kuhara kunakotoka.

Saa 4 nakula kiazi kitamu cha kuchemsha, nusu. Nilijifunza kwa uchungu. Wiki ya tatu baada ya upasuaji nilienda matanga, nikapakuliwa nyama ya kukaanga na wali wa mafuta, nikaona aibu kukataa mbele ya wazee. Nilipanda boda boda kurudi nyumbani huku nimekunja ngumi. Baada ya hapo nikaogopa, nikakata mafuta yote mwezi mzima. Nguo zikanilegea, nikawa mnyonge hata kukanyaga cherehani. Kliniki wakanikataza vikali: vitamini A, D, E na K haziingii mwilini vizuri bila mafuta. Yapimwe, yasifukuzwe.

Saa 7 mchana. Ngege wangu anakuja ndani ya sufuria ndogo, amechemshwa na nyanya, kitunguu na dania. Mafuta ni kijiko kimoja cha chai. Naangalia juu ya mchuzi kabla ya kula: nikiona vijicho vichache vya mafuta vinavyoelea mbalimbali, nakula kwa amani. Vikiwa vimeungana na kufunika mchuzi wote, naengua kwa kijiko. Ugali ni kipande cha ukubwa wa ngumi yangu. Ngozi ya samaki naiacha. Sirudi kwenye cherehani papo hapo, maana kuinama na tumbo likiwa limejaa kunaniletea kiungulia. Nasimama nusu saa nikikata vitambaa.

Miezi ya kwanza nilikuwa naenda choo cha kulipia mara nne, tano kwa siku. Siku hizi mara moja, na pengine sihitaji kabisa. Kwa mwenzangu ambaye kwake hali hiyo haipungui wiki baada ya wiki, usikae nayo kimya: rudi kwa daktari, kuna dawa ya unga iitwayo kolestiramini ambayo hushika nyongo ndani ya utumbo. Na ukiona macho yamegeuka manjano, au homa, au maumivu makali chini ya mbavu za kulia, nenda hospitali usiku huohuo.

Saa 10 jioni, papai.

Saa 1:30 usiku. Wifi yangu, anayeishi nasi, ndiye mpishi wa mboga hapa nyumbani, na osuga yake, yaani mnavu, inalala kwenye maziwa na krimu usiku kucha. Mwanzoni tulikosana kimyakimya. Aliona nadharau mkono wake. Siku moja nilimkalisha nikamwonyesha makovu manne ya upasuaji na ile karatasi ya daktari. Tangu hapo hunipakulia sehemu yangu kabla hajamimina krimu, ananitilia matone machache ya mafuta na kusema, "Wifi, hii ni yako, usiguse ya watu." Nampenda kwa neno hilo.

Saa 3 usiku. Nimeloweka maharage. Niliyaacha kwa muda mrefu kwa sababu ya gesi, lakini nyuzinyuzi zake zinasaidia kushika nyongo, kwa hiyo nayarudisha polepole, namwaga maji ya kwanza na kuyachemsha hadi yalainike kabisa. Wiki iliyopita nilikula vijiko viwili, tumbo likatulia. Kesho nitakula vinne.