Nilivyopima faida ya kila mteja wa tawi letu la benki Masasi

Makao makuu walitaka tupandishe makato ya akaunti za wakulima wa korosho, wakidai zinalitia tawi hasara. Hesabu yao: chukua gharama zote za tawi, gawa kwa idadi ya akaunti. Iliniudhi sana. Hapo mkulima anayetoa hela ya mnada mara chache kwa mwaka anabebeshwa sawa na mwenye duka anayekuja kaunta kila siku ya kazi.

Nikaamua kupima gharama kwa shughuli, yaani kila mteja abebe gharama ya kazi anayotupa, njia iliyoenezwa na Robin Cooper na Robert Kaplan wa Harvard miaka ya 1980. Mshauri tuliyeletewa akasema niwape makarani fomu, kila mmoja ajaze asilimia ya muda wake: kupokea fedha, kutoa, kufungua akaunti, kusikiliza malalamiko. Mkiambiwa hivyo, kataeni. Fomu zote zilirudi zikiwa na jumla ya asilimia 100. Hakuna aliyeandika kwamba alikaa bila kazi, na ulikuwa mwezi wa Mei, hela ya korosho imeshatoka zamani, kaunta tupu! Kwa takwimu hizo kila muamala wa Mei unaonekana ghali, na lawama inamwangukia mteja.

Nikahamia njia ya muda, ambayo Kaplan na Steven Anderson waliieleza mwaka 2004. Kaunta zetu nne zilikuwa zinakula kama milioni 12 kwa mwezi, mishahara, ulinzi, umeme, vyote. Makarani wanne, saa 8, siku 22, ni dakika 42,240. Toa moja ya tano kwa ajili ya chai, swala na mafunzo, zinabaki kama 33,800. Dakika moja ni shilingi 355 hivi, iwe Mei au Novemba. Dakika zisizotumika ni mzigo wa tawi, simtwishi mteja.

Muda wa kila huduma sikumuuliza mtu. Nilivuta kumbukumbu za mfumo za siku za foleni ya msimu. Siku hizo karani hapumui, kwa hiyo nafasi kati ya muamala na muamala ndiyo muda wenyewe wa kuhudumia. Ujanja huu ninajivunia mpaka leo.

Mkulima kutoa fedha: dakika 4, yaani shilingi 1,420. Hata nilipoongeza gharama ya kusafirisha fedha kwa ulinzi, alibaki na faida, maana hela yake hulala kwetu wiki kadhaa na benki inaizungusha. Makato hayakupanda.

Aliyetula ni mfanyabiashara tuliyekuwa tunampa kiti cha meneja. Noti chakavu, ndogo kwa kubwa zimechanganyika, dakika 25 kila siku: karibu laki mbili kwa mwezi. Salio lake la mwisho wa mwezi lilipendeza, ila jioni za kawaida fedha zote zilikuwa zimeshakwenda Dar es Salaam kulipia mzigo. Tumieni wastani wa salio la kila siku.

Tulimwomba, "Mzee, tuletee noti zimepangwa mia mia." Akakubali, na dakika zikashuka chini ya 10.