Mama Aliyeshika Maikrofoni

Mwaka 2019 uhakiki wangu wa Capernaum ulikuwa umeshatoka. Ni filamu ya Nadine Labaki wa Lebanon, iliyopata Tuzo ya Majaji Cannes mwaka mmoja kabla. Niliandika kwamba inamkamua mtu machozi kwa nguvu. Mtoto Zain, wa kama miaka 12, anawashtaki wazazi wake kwa kumzaa. Nikasema mahakama ile imebandikwa tu juu ya hadithi, na muziki unalia kabla mtazamaji hajapata nafasi ya kulia mwenyewe. Hayo mawili nayashikilia hadi leo.

Nilikosea mahali pengine, na nilikuja kulijua hilo kwenye kibanda cha video kule Kisauni, Mombasa. Mwenye kibanda alikuwa akionyesha filamu za ngumi zenye sauti ya DJ Afro, msimulizi wa filamu kwa Kiswahili, juu yake, kiingilio shilingi 20. Nilipomwomba usiku mmoja wa Capernaum alikubali, ila akanionya: "Watu wangu hawasomi maandishi ya chini. Utatafsiri mwenyewe."

Nikakaa ubavuni mwa spika, maikrofoni mkononi, nikisoma Kiingereza na kutamka Kiswahili. Vijana wa mabenchi ya mbele wakaanza kupiga miluzi. Halafu sauti ikatoka nyuma, karibu na mlango:

"Mwanangu, huyo mtoto anatukana. Mbona wewe humtukanii?"

Alikuwa mama wa makamo, amejitanda leso. Akasema amefanya kazi za nyumbani Beirut miaka minne, na Kiarabu cha kule anakisikia vizuri. Akaja mbele, watu wakimpisha. Nikampa maikrofoni.

Kuanzia hapo filamu ikawa nyingine. Zain akapata ulimi wa mtoto wa mtaani. Rahil, mwanamke wa Ethiopia asiye na karatasi halali, anayemficha mwanawe Yonas chooni mahali anaposafisha, akazungumza kwa pumzi ya mtu aliyechoka. Pale alipozungumza Kiamhari nilimnong'oneza mama maana, naye akaisema kwa namna yake. Kuna mahali Zain anageuza kioo ili Yonas aone katuni kwenye televisheni ya jirani. Sauti haifiki, basi Zain anayatunga maneno mwenyewe. Mama akatunga juu ya maneno ya Zain, kibanda kizima kikacheka, na mtoto mmoja aliyepakatwa akapiga makofi. Katika uhakiki wangu tukio hilo nililipa sentensi moja tu. Nililiona kama mapumziko kati ya mateso, kumbe ndipo filamu inapoishi: mtoto aliyenyimwa kila kitu anampa mwenzake sauti. Labaki alipiga picha kwa miezi sita, akakusanya zaidi ya saa 500. Subira hiyo inaonekana kwenye uso wa Yonas, ambaye hakuna mtu angeweza kumwelekeza alie saa ngapi. Mimi nilikuwa nimeiita ujanja wa kutafuta huruma.

Kisha Rahil akakamatwa. Akiwa kizuizini anakamua maziwa ya kifuani, mtoto mwenyewe hayupo. Mama akanyamaza. Maikrofoni alikuwa ameiegemeza kifuani, tukawa tunasikia pumzi zake kwenye spika, zikipanda na kushuka. Vijana wa mbele hawakupiga mluzi. Kisha akasema, polepole:

"Mimi wangu nilimwacha na miezi minane."

Walikuwapo waliodhani ni maneno ya Rahil. Mimi nilikuwa nayatazama maandishi ya chini, na hayakuwapo.

Aliendelea kutafsiri hadi mwisho, hadi Zain anapopigwa picha ya kitambulisho na kutabasamu. Taa ilipowashwa nilimfuata mlangoni. Sikujua niseme nini, nikamweleza ninachokijua: kwamba Yordanos Shiferaw, aliyeigiza kama Rahil, alikamatwa kwelikweli wakati wa kupiga picha kwa sababu hakuwa na karatasi, na kwamba wazazi wa yule mtoto aliyekuwa Yonas nao walikamatwa.

Akasimama, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango.

"Na huyo Yordanos, walimwachia?"

"Walimwachia, mama."

Akaitazama tena ile shuka nyeupe tuliyoitundika, sasa haina picha, akajitanda leso yake upya, akatoka.