Ami aliniuliza, ukitaka kurudi kesho utarudi vipi?

Naandika hii nikiwa Doha, Qatar, chumba cha wafanyakazi, tuko wanne, wenzangu watatu wamelala saa hii. Kuna vijana wengi huko nyumbani wananiuliza niliamua vipi kusafiri na mambo yalivyo huku nje, na wengine wanajua kwamba kabla ya hapa nilikuwa niende Thailand nikakataa dakika ya mwisho. Nataka nieleze vile nilivyofanya hesabu yangu mwenyewe, manake nadhani kuna mtu sasa hivi ana ofa kwa simu yake na hajui aifanyeje.

Mimi ni mtu wa Kisauni, Mombasa, nimefanya kazi ya mapokezi hotelini miaka minne. 2024 hoteli ikapunguza watu na mimi nikawa mmoja wao. Mshahara wenyewe ulikuwa 23,000, lakini ukikosa hata hiyo ndio unajua ilikuwa inashikilia nini. Dadangu mdogo yuko kidato cha tatu, mamangu anauza mahamri na mbaazi asubuhi, kodi ya nyumba haingojei mtu. Nasema haya mapema kwa sababu watu wakisikia stori za vijana waliodanganywa wanauliza mbona hawakuona, na mimi nakwambia shida ikikubana unaona kile unachotaka kuona.

Mwezi wa kumi mwaka huo nikapata ofa kwa Telegram. Kazi ya kuhudumia wateja kwa simu na kompyuta, Bangkok, dola 1,200 kwa mwezi, hiyo ni kama 155,000 za kwetu, tiketi wanalipa wao, nyumba wanatoa wao, chakula wanatoa wao. Intavyuu ilikuwa kwa video lakini yule bwana hakuwasha kamera, nikaambiwa intaneti yake ni mbaya. Aliniuliza naandika maneno mangapi kwa dakika, Kiingereza changu kikoje, na kama nimeoa. Hiyo ya kuoa ilinikaa kichwani lakini nikaipita. Hakuuliza chochote kuhusu kazi ya hoteli wala barua ya mwajiri wangu wa zamani. Siku ya pili nikaambiwa nimepita.

Nyumbani ilikuwa furaha. Mamangu alilia, akapika pilau katikati ya wiki. Mimi pia nilikuwa nishaanza kugawa ile pesa kichwani, karo hapa, kodi hapa, friji ya mamangu hapa.

Sasa nina ami yangu, mdogo wake babangu, yuko Muscat tangu mimi niko shule ya msingi, alianza kama dereva. Babangu alipofariki yeye ndiye amekuwa baba. Nikampigia nimpe habari. Nikamwamkia, shikamoo ami, akaitikia marahaba baba, nikamweleza yote mpaka mwisho, akanyamaza kidogo halafu akaniuliza kitu kimoja tu. "Ukishafika huko, ukitaka kurudi kesho, utarudi vipi?"

Nikamwambia ami kwa nini nitake kurudi kesho na hata sijaenda. Akasema hapana, nijibu. Pasipoti itakuwa kwa nani? Tiketi ya kurudi iko? Una viza gani? Kutoka hapo utakapolala mpaka uwanja wa ndege ni umbali gani na utaenda na gari la nani? Akaniambia mimi miaka yote hii Uarabuni nimeona watu wazuri na watu wabaya, mwajiri mbaya yuko kila nchi, lakini mtu mwenye njia ya kurudi atarudi na mtu asiye nayo atakaa ateswe. Akasema nijibu hayo kwanza halafu nimpigie tena.

Nilikasirika, nasema ukweli. Niliona kama ananizuia. Lakini usiku nikakaa nikamwandikia yule bwana wa Telegram maswali yale yale, moja moja.

Viza? Akasema naingia na viza ya utalii, wataibadilisha nikifika. Pasipoti? Itabaki ofisini kwa wiki chache kwa ajili ya makaratasi. Tiketi ya kurudi? Ipo lakini ni ya kuonyesha tu kwa watu wa uhamiaji. Ofisi iko wapi hasa? Hapo akachukua muda, halafu akaniandikia Mae Sot, karibu na Bangkok.

Mimi nikafungua ramani. Mae Sot haiko karibu na Bangkok. Ni karibu kilomita 500, ni sawa na mtu akuambie ofisi iko karibu na Mombasa kumbe iko Nairobi, na iko mpakani kabisa, ukivuka mto unaoitwa Moei uko Myanmar, mji wa Myawaddy. Nilikaa nikiangalia ule mto kwenye simu. Ni mto mwembamba kweli kweli. Nikajiuliza kampuni ya kuhudumia wateja inatafuta nini huko.

Basi nikaanza kusoma, nikasoma mpaka asubuhi. Huko ng'ambo ya mto kulikuwa na majengo makubwa yamezungushiwa kuta, majina kama KK Park na Shwe Kokko, ndani kulikuwa na watu wanalazimishwa kutapeli wazungu na Wachina kwa mtandao, wanajifanya wachumba, wanamlainisha mtu miezi halafu wanamwambia awekeze pesa kwa sarafu za kidijitali, pesa inapotea. Ndio sababu ya kuniuliza kama nimeoa na naandika haraka kiasi gani. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema mwaka wa 2023 kwamba Myanmar peke yake huenda kuna angalau watu 120,000 wanaoshikiliwa kwa kazi hiyo na Cambodia kama 100,000. Na Wakenya wako ndani, serikali yetu ilikuwa imeshatoa onyo tangu 2022 na kuna waliokuwa wameokolewa mwaka huo huo. Taarifa ilikuwepo wakati wote, mimi ndio sikuwa nimeitafuta, nilikuwa natafuta bei ya friji.

Bado sikuamua hapo. Hili nalisema kwa sababu ni kweli na kwa sababu naona watu wanadhani ukishasoma basi umeshaamua. Nilikuwa na kisauti kinasema labda hii yangu ni tofauti, labda hao ni wengine. Kilichonimaliza ni kijana mmoja wa upande wa Bamburi, rafiki ya rafiki, aliyerudi kutoka huko. Alikubali tuonane, tukakaa ufukweni, hakutaka mkahawani kwenye watu. Akaniambia walimchukua uwanja wa ndege na gari zuri lenye kiyoyozi, dereva mpole, anawanunulia maji na biskuti, wakasafiri usiku, wakashushwa kichakani, wakavushwa na mtumbwi. Hakujua kama amevuka nchi. Simu ilichukuliwa hapo hapo. Akifanya kazi saa 16, 17, asipofikisha lengo anapigwa, na akitaka kutoka anaambiwa alipe maelfu ya dola kama yeye ni mali imenunuliwa. Nikamuuliza kuna siku alifikiria kutoroka. Akasema atoroke aende wapi, huku ni mto, kule ni watu wenye bunduki, pasipoti hana, na hata akifika upande wa Thailand anakuwa amevuka mpaka kinyume cha sheria.

Hakuwa na njia ya kurudi. Nikakumbuka ami.

Kitu kilichoniuma zaidi katika maneno yake ni kwamba mpaka anapanda lile gari angeweza kurudi. Pale uwanja wa Bangkok alikuwa na pasipoti mkononi na simu yenye chaji. Baada ya hapo kila saa ilimpunguzia kitu.

Nikamwandikia yule wa Telegram kwamba siendi. Akanitumia sauti za matusi halafu akasema nimewatia hasara ya tiketi nitailipa, nikamblok. Mamangu nilimweleza jioni, akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema Alhamdulillahi mara tatu na akaingia ndani. Friji hatukupata mwaka huo.

Mwezi wa pili 2025 Thailand ikakata umeme uliokuwa unaenda ile miji ya mpakani, na wiki zilizofuata watu zaidi ya 7,000 wakatolewa kwenye yale majengo, na Wakenya wakiwemo, wengine wakakwama kambini wakingoja kurudishwa. Nilikuwa naziangalia zile picha namtafuta mtu ambaye ningekuwa mimi.

Sasa Doha. Mwezi wa tano 2025 mtu niliyefanya naye kazi Nyali, ambaye alishakuja huku, akaniambia hoteli yao inatafuta watu wa mapokezi, wanapitia ajenti wa Nairobi. Safari hii sikungoja ami aniulize. Nikaangalia kwanza kama ajenti yuko kwenye orodha ya walioidhinishwa na NEA, ile mamlaka ya ajira, yuko na leseni haijaisha, na sikuishia hapo manake jina linaweza kuibwa, nikapanda treni ya SGR mpaka Nairobi nikaingia ofisi yenyewe kwa miguu yangu nikaomba kuona leseni ukutani. Nauli iliniuma lakini afadhali hiyo kuliko kumtumia pesa mtu wa simu. Nikaomba mkataba kabla ya kulipa chochote, hata pesa ya vipimo vya hospitali. Ulikuwa na jina la hoteli, riyali 1,600, malazi na chakula, saa za kazi, siku ya kupumzika. Kima cha chini Qatar tangu 2021 ni riyali 1,000 na juu yake posho ya chakula 300 na malazi 500 kama hawakupi, kwa hiyo nikajua hawanipunji. Viza ni ya kazi, si ya utalii. Kuzuia pasipoti ya mfanyakazi ni kosa kwa sheria ya huku, na ile ruhusa ya mwajiri ya kutoka nchini waliiondoa kwa karibu wafanyakazi wote, kwanza 2018 halafu 2020. Sheria kuwepo na kufuatwa ni vitu viwili, najua, ndio maana nilimuuliza yule mwenzangu, wewe pasipoti yako iko wapi sasa hivi, nionyeshe. Akaenda kabatini akaileta mbele ya kamera.

Nikawa nimejitosheleza. Halafu tarehe 23 mwezi wa sita Iran ikarusha makombora kwa kambi ya jeshi ya Marekani ya Al Udeid, hapo hapo Qatar. Anga ikafungwa kwa saa kadhaa. Mamangu akaona kwa TV ya jirani akaja mbio, akasema huendi, umeokoka na matapeli wa Thailand sitakupeleka kwa mabomu.

Hapo ndio ilikuwa ngumu kuliko Thailand kwa kweli, kwa sababu hatari hii ilikuwa inaonekana na kila mtu mtaani ana maoni. Nilimwambia mamangu mimi siwezi kukuahidi hakuna kombora, lakini nikufafanulie vile naona. Kule Thailand hakukuwa na bomu hata moja kwenye habari na ningepotea. Huku kuna bomu kwenye habari lakini nikiogopa usiku, asubuhi naweza kwenda uwanja wa ndege na pasipoti yangu. Anga ilifungwa ikafunguliwa usiku ule ule, hakuna aliyekufa Qatar. Yule mwenzangu nilimpigia, akasema walisikia mshindo, simu zikaita, kesho wakaenda kazini. Mwezi wa tisa Israeli nayo ikapiga Doha mjini kabisa, na hapo watu walikufa, na mimi nilikuwa nishapata viza. Siku mbili sikulala vizuri. Sidai nilikuwa na uhakika, na mtu akiamua kubaki kwa sababu hiyo simlaumu hata kidogo, ni uzito wake na watoto wake.

Niliamua kwenda kwa masharti yangu mwenyewe. Moja, pesa ya tiketi ya kurudi, 45,000, ikae kwa akaunti ya mama mdogo, isiguswe hata kukiwa na harusi au mazishi. Niliikusanya miezi minne nikibeba mizigo soko la Kongowea. Kisha nakala ya pasipoti, viza na mkataba nikamtumia mama mdogo na ami, na anwani kamili ya hoteli na ya mahali pa kulala, na namba ya ubalozi wetu nikaiandika kwa karatasi nikaweka ndani ya kiatu, simu inaweza kuchukuliwa. Na tukakubaliana na mamangu neno moja, nikilitaja kwenye simu ajue mambo si mazuri hata kama nacheka. Neno lenyewe silisemi hapa.

Mwezi wa kumi nikaondoka. JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, afisa wa uhamiaji aliniuliza maswali mengi, naenda kwa nani, mkataba uko wapi, na kijana aliyekuwa mbele yangu aliyekuwa anaenda Bangkok alivutwa pembeni. Sijui aliishia wapi. Nilitamani kumshika mkono.

Huku kazi ni nyingi na miguu inavimba, mshahara unaingia benki. Wiki ya kwanza msimamizi mmoja alisema tukusanye pasipoti zote kwa usalama. Nilitetemeka lakini nikamwambia kwa adabu kwamba yangu nitaitunza mwenyewe, sheria inaniruhusu. Akaniangalia, akasema sawa.

Kila Ijumaa mamangu akinipigia kwa video, kabla hajaniuliza nimekula nini, anasema, "Nionyeshe." Nafungua begi naitoa naiweka mbele ya kamera, anaiangalia, anasema haya baba, rudisha.