Wali wa mboga uliokuwa ukinishinda

Kila nilipojaribu kupika wali wa mboga wa haraka nilipata kitu ambacho si wali wala si uji. Karoti ngumu, kabichi imelegea, punje zimeshikana kama zimepakwa gundi. Nikalaumu mchele, nikalaumu kikaango. Nilibadilisha vyote viwili, na bokoboko likabaki pale pale.

Siku nilipopatia, sikuwa hata na nia ya kupika vizuri. Nilirudi nimechoka, njaa inauma, na kwenye friji kulikuwa na bakuli la wali wa jana. Kwangu kiporo kilikuwa cha kupasha tu yaishe. Nilipoanza kuuvunjavunja kwa vidole nikashangaa: punje zilikuwa zinaachana zenyewe. Wali ukipoa, wanga wake hukaza na uso wa punje hukauka. Ule wa moto bado umebeba maji na wanga laini kwa nje, kwa hiyo ukiugeuzageuza kikaangoni unapondeka.

Kumbe siku zote nilikuwa nagombana na maji! Hata kwenye mboga. Nilizoea kuzimimina zote kwa mpigo hadi kikaango kinafurika, natia chumvi papo hapo, halafu nafunika. Mboga zinatoa maji, chumvi inazidi kuyavuta, mfuniko unayazuia yasitoke. Hapo hukaangi, unachemsha.

Siku hizi nakata kila kitu kabla ya kuwasha jiko, maana nimeshaunguza kitunguu saumu mara mbili huku nikiparua karoti. Karoti nazikata vijiti vyembamba. Nachukua kikaango kipana kuliko vyote nilivyonavyo, moto mkali, mafuta vijiko 2. Karoti zinatangulia kwa dakika 3 hivi, kisha kitunguu maji na pilipili hoho, na kabichi inaingia mwisho kwa dakika 1 au 2. Nasikiliza zaidi kuliko ninavyotazama: mafuta yakichachatika niko salama, sauti ikigeuka kuwa ya kutokota najua nimejaza kupita kiasi. Nikipikia watu wengi nakaanga kwa mafungu mawili. Inaonekana ni kupoteza muda, lakini kusubiri maji yakauke ndiko kunakochelewesha zaidi.

Mboga nazihamishia sahanini. Naongeza mafuta kidogo, kitunguu saumu kwa sekunde chache tu, kisha wali. Hapa mkono ulikuwa unaniponza, nilikuwa situlii na mwiko. Sasa nautandaza na kuuacha dakika nzima mpaka wa chini upate rangi, ndipo nageuza. Chumvi na pilipili manga, mboga zinarudi, nazima moto, nakamulia limau.

Ila sikitumii kiporo kilicholala mezani, hata kikinukia vizuri namna gani. Kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa nje kwa saa nyingi huanza kuzaliana humo, na sumu yake mojawapo haiharibiki hata ukikaanga. Kwa hiyo wali wa ziada nautandaza kwenye sinia upoe upesi, ndani ya saa 1 unaingia frijini, na kesho yake unaliwa. Ukishapashwa moto mara moja, unaobaki naumwaga.

Nisipokuwa na kiporo natumia bulguri, ile ngano iliyochemshwa, ikakaushwa na kuvunjwavunjwa. Ile ya chembe ndogo huhitaji kulowekwa tu kwenye maji ya moto kama dakika 15, kisha inachujwa na kukamuliwa ndipo iingie kikaangoni. Mara ya kwanza sikuikamua. Nilikula uji wenye karoti, kimya kimya, kwa kijiko.