Nilivyopata uenyekiti wa mafundi Tanga bila sahani moja ya pilau

Ukitangaza kwamba unagombea uongozi wa chama cha mafundi ujenzi, washauri watakaokuja mbio ni wale ambao hawajawahi kugombea hata ukiranja wa darasa la tatu. Kwangu alikuja shemeji yangu. Ilikuwa 2021, tumekaa kwenye kahawa Ngamiani, akanipiga bega. "Shem, uchaguzi ni tumbo. Watu wanashinda juani na karai kichwani, wewe unawapelekea maneno? Wapikie."

Nikawapikia. Mchele, nyama, mkaa, mpishi kutoka Makorora, na fulana ishirini na nne zenye jina langu, herufi zikabanduka zilipofuliwa mara ya kwanza. Kama laki nne hivi ziliondoka. Mke wangu anasema sita, na yeye ndiye aliyekuwa akihesabu. Walikula watu sitini na kitu, wakalamba vidole, wakaniita mwenyekiti kabla sahani hazijaoshwa. Nililala usiku ule nikipanga nani atakuwa katibu wangu.

Siku ya uchaguzi nikapata kura 9. Ukitoa yangu na ya kijana wangu wa saidia fundi, zinabaki saba. Kamati ya uchaguzi ilisimama ikasoma majina ya wanachama hai, wakafika 47, wengine wote wakaombwa watoke nje. Waliotoka ndio waliokula pilau langu. Walikaa chini ya mwembe na fulana zangu, wakachungulia dirishani nikipigwa. Mmoja alinipungia mkono.

Katiba ya chama nilikuwa nayo nyumbani. Niliikunja miaka ile nilipojiunga, nikaiweka chini ya mguu wa friji kwa sababu sakafu ya jikoni kwangu haiko sawa (ndiyo, mimi ni fundi marumaru, cheka tu). Nikainyofoa, nikaisoma kurasa zote kumi na moja. Ibara moja inasema mpiga kura ni mwanachama aliyelipa ada yake yote siku 30 kabla ya mkutano wa uchaguzi. Inayofuata inasema mgombea haruhusiwi kumlipia mtu ada. Basi. Yote niliyohitaji kuyajua yalikuwa yamebeba friji.

Sasa nieleze kidogo mambo ya kwetu. Waashi ndio wengi, na ndio wanaojiona wenye chama. Sisi wa marumaru, rangi, jipsamu, bomba na umeme wanatuita watu wa kivulini, maana tunaingia nyumba ikishapauliwa. Utani huo una uchungu wake. Mwashi anaanza kazi mwenye nyumba akiwa na fedha mpya mfukoni. Mimi ninafika saruji imeshapanda, bati limeshakula akiba yote, na mwenye nyumba ameanza kutozishika simu. Anayedhulumiwa sana kwenye ujenzi ni yule wa mwisho kuingia. Nikaona hapo ndipo pa kusimamia, siyo kwenye "maendeleo" na "mshikamano" ambayo kila mgombea huyataja.

Mwishoni mwa 2021 hiyohiyo zikaja fedha za UVIKO-19 za madarasa, milioni 20 kwa darasa, na kazi nyingi zikaenda kwa mafundi wa mitaani badala ya makandarasi. Chama chetu kilikuwa na mhuri na katiba, lakini hakuna aliyepeleka hata barua moja kokote. Mimi habari zile nilizipata redioni, wenzetu wa kata nyingine wameshafunga linta. Hasira ya siku ile ndiyo iliyonirudisha kwenye fomu.

Sikungoja nichaguliwe ndipo nifanye kazi. Nilitengeneza mkataba wa karatasi moja: kazi gani, vifaa vya nani, kiasi gani kabla ya kuanza, kiasi gani kazi ikifika nusu, kiasi gani siku ya kukabidhi, sahihi mbili na shahidi. Photokopi ilikuwa shilingi mia. Nikawa natembea nazo kwenye baiskeli, ninagawa. Fundi bomba mmoja wa Sahare aliipeleka ofisi ya serikali ya mtaa, mwenye nyumba akaitwa, akalipa. Kuanzia hapo watu walinitafuta wenyewe. Ukitaka kwenda saiti, nenda saa nne, chai ikiwa mkononi. Ukienda saa saba zege likiwa linamwagwa, utajibiwa vibaya, na ni haki yako.

Na jezi iache nyumbani. Tanga kabla hujaulizwa unagombea nini utaulizwa Coastal Union au African Sports, timu zetu mbili za mpira. Mimi ni Coastal wa kufa, lakini miezi minne nilikuwa natabasamu tu kama bubu.

Ilibaki ada. Ni elfu moja kwa mwezi, siyo fedha, lakini mtu ana deni la miaka mitatu. Ukimwambia fundi atoe elfu thelathini na sita kwa mkupuo, anakuona kama mtu wa marejesho ya mkopo. Kumlipia siruhusiwi. Nikafikiri wiki nzima, kisha nikachukua makopo matupu ya rangi ya lita nne, nikatoboa mfuniko tundu la noti, nikauziba pande zote kwa silikoni, ile gundi nyeupe ya kuzibia. Kila saiti kopo moja na daftari la shule limening'inizwa msumarini. Jioni ukilipwa unatumbukiza elfu moja, unaandika jina. Kopo linafunguliwa mbele ya mweka hazina wa chama tu, papo hapo anakata stakabadhi. Nikaanza Februari 2024, kwa waashi na kwa watu wa kivulini, sikubagua. Shemeji aliniuliza kama nimeanza kuombaomba.

Saiti ya Mwahako ndiyo iliyonipa raha. Tumefungua kopo, daftari linasema 187,000, fedha 161,000. Watu wakaanza kutazamana. Mimi nikauokota mfuniko. Silikoni yangu huwa nailainisha kwa kidole nilichokichovya maji ya sabuni, inatoka laini kama ukucha. Ile ilikuwa na mikwaruzo, kidole kikavu. Nikainua macho nikatazama mikono ya waliokuwa pale, na mmoja alikuwa na uweupe chini ya kucha ya gumba. Kumtaja ningempoteza yeye, na nduguze wawili wanaofunga nondo, na pengine saiti nzima. Nikasema, "Wagosi, nadhani tumehesabu vibaya, nuru imepungua. Tulifunge, kesho saa nne tuhesabu tena." Nikaliacha kopo palepale, silikoni mbichi, wala sikugeuka nyuma. Mweka hazina njia nzima alikuwa ananitukana kimoyomoyo, nilimwona.

Kesho yake zilikuwa 187,500. Ile mia tano hakuna aliyeidai. Mimi naichukulia ni faini aliyojitoza mwenyewe.

Mwenyekiti aliyekuwepo ni mwashi mkongwe, kuta zake hazina mawimbi, namheshimu. Watu wake walikuwa wanasema, "Ada? Tutalipa Mei, uchaguzi ni Juni." Walisahau kwamba Aprili na Mei Tanga ni masika. Mwaka 2024 yenyewe ilikuwa masika na nusu. Misingi ilijaa maji, waashi wakakaa barazani wiki kwa wiki, na mwanzoni mwa Mei kikatangazwa Kimbunga Hidaya, pwani nzima ikakaa mkao wa hofu hadi kilipopoteza nguvu huko Mafia. Nani atalipa deni la miaka mitatu mwezi kama huo? Watu wa kivulini, kwa mara ya kwanza, tulifaidi kivuli: mvua inanyesha juu ya bati, sisi ndani tunabandika. Waashi waliokuwa wametumbukiza tangu Februari walikuwa na stakabadhi zao mfukoni. Waliosubiri Mei walikuja kuomba tarehe isogezwe, na kamati ikawasomea ibara ileile iliyokuwa chini ya friji yangu.

Kuna waliojaribu kuniwekea pingamizi kwamba sina cheti. Ninacho, nilikipata VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa ule utaratibu wa kurasimisha ujuzi, wanakupima kazi unayoijua bila kukurudisha darasani. Kama unafanya kazi miaka kumi na huna, nenda, usingoje siku ya pingamizi.

Wanachama hai safari hii walikuwa 112. Boksi la marumaru ndilo lililokuwa sanduku la kura, nikaona ni dalili njema. Tulipewa dakika tatu kila mmoja. Nilisoma mkataba wa karatasi moja mwanzo hadi mwisho, nikakaa, dakika moja na nusu ikabaki. Nikapata 58, mwenyekiti 46, kijana wa tatu 7, na moja iliharibika kwa kuandikwa "Coastal". Kura ya mtu wangu ile, na iliniuma.

Mzee alinikabidhi mhuri, daftari tatu na deni la viti vya plastiki tulivyokodi siku hiyohiyo. Akaniuliza kama yale makopo nitamwachia moja, saiti yake ya Kange wana michango ya msiba. Nikampa mawili.

Shemeji bado yuko kahawani Ngamiani. Kila anayepita anaelezwa kwamba ushindi ule ni wa pilau ya 2021, ila ilichelewa tu kushuka.