Likizo bila fildi: nilivyotunza hesabu za duka la mchele Tandale

Nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya biashara, wenzangu walianza mapema kuzungusha barua za kuomba fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini: benki, kampuni za simu, bima, bandarini. Nami nilizungusha za kwangu. Waliojibu walisema nafasi zimejaa, wengine hawakujibu kabisa. Julai chuo kikafungwa sina pa kwenda. Bahati ni kwamba mwaka ule kozi yetu haikutulazimisha, hivyo sikupoteza alama. Lakini kumaliza chuo bila kugusa biashara halisi kuliniogopesha sana, na najua kila mwaka kuna mwanafunzi wa Mbagala au Kimara anayepita hapohapo.

Shangazi yangu ana duka la nafaka karibu na soko la Tandale, Dar es Salaam. Anauza mchele wa Kyela, wa Ifakara na wa Shinyanga, maharage na unga, kwa jumla na kwa rejareja. Nilimwendea jioni moja, baada ya salamu nikamwomba anipe kazi moja tu: nimtunzie hesabu mpaka chuo kifunguliwe.

"Mwanangu, hesabu zangu ziko kichwani miaka yote," akasema.

"Najua shangazi, na duka limesimama. Mimi naomba tuziandike nizione."

Akakubali kwa sharti kwamba nisikae na simu tu. Mteja akija, nipime. Sharti hilo lilinifaa kuliko nilivyotegemea, maana anayepima ndiye anayeona mali inavyopungua.

Kazi iliyonifungua macho ilikuwa kutafuta gharama halisi ya kilo moja. Hesabu zenyewe nazirahisisha hapa. Tuseme gunia la kilo 100 limenunuliwa kwa shilingi 220,000. Kilo ni 2,200, ukiuza 2,500 unaona faida ya 300 kwa kilo, yaani 30,000 kwa gunia. Hivyo ndivyo wengi wanavyopiga. Sasa ongeza nauli ya gari, ushuru na malipo ya vijana wa kushusha, tuseme 12,000. Halafu weka gunia lenyewe kwenye mizani baada ya kupepeta: mawe yametoka, uchafu umetoka, na zimebaki kilo 98. Ukiziuza zote unapata 245,000, ulizotumia ni 232,000. Faida imekuwa 13,000, na bado hujalipa pango wala kijana wa dukani. Mifuko mbadala, ile iliyoingia baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Juni 1, 2019, nayo shangazi huwapa wateja wa kilo nyingi bila kuwadai.

Tulipoziweka aina zote za mchele kwenye jedwali moja, ilionekana kwamba mchele uliokuwa unatoka haraka kuliko yote ndio uliokuwa unaacha kidogo kuliko yote. Shangazi alilitazama jedwali muda mrefu. Hakuuacha mchele ule, kwa sababu ndio unaowaleta watu dukani, lakini aliongea upya na mwenye gari na akaanza kupima kila gunia linaposhushwa, dereva akiwa bado yupo.

Hapo pia ndipo nilipoielewa kodi kwa namna ambayo darasani haikuniingia. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka hutozwa kodi ya mapato kwa kuangalia mauzo, si faida. Kwa gunia lile, kinachohesabiwa ni 245,000, si 13,000. Anayeuza vitu vyenye faida nyembamba anaumia zaidi, na bila kumbukumbu hawezi hata kujua anaumia kiasi gani.

Kwenye madeni nilifanya kazi nyingine. Daftari la shangazi lilikuwa na majina na kiasi, tarehe mara ziko mara haziko. Nikayapanga upya kwa umri wa deni: la wiki hii, la wiki mbili, la mwezi, lililozidi mwezi. Mama lishe, ambao kwa kipato ungedhani ndio wenye hatari, walikuwa walipaji wazuri kuliko wote, kwa sababu kesho asubuhi wanahitaji mchele tena. Madeni yaliyolala yalikuwa ya jamaa na majirani waliochukua mara moja kwa ajili ya shughuli na hawakurudi kununua.

Mwisho wa likizo niliandika ripoti fupi: duka lilivyokuwa, nilichopima, kilichobadilika, na majedwali nyuma yake. Nilimwomba mhadhiri wangu wa uhasibu aisome. Alinirudishia ikiwa na wino mwekundu mwingi kwenye sehemu ya mali iliyobaki ghalani, nami nikairekebisha. Shangazi akaniandikia barua ya kuthibitisha kazi niliyofanya, akagonga na muhuri wa duka.

Baadaye, kwenye usaili wa kampuni moja ya usambazaji, niliulizwa nikikabidhiwa orodha ya wadaiwa nitaanza na nani. Nilijibu kwamba naanza na yule aliyeacha kununua, si yule mwenye deni kubwa, nikaeleza nilivyoliona jambo hilo dukani. Maswali yaliyofuata yote yalihusu duka. Hakuna aliyeniuliza kwa nini sikufanya fildi benki.

Kwa hiyo kama nafasi zimejaa, angalia karibu yako: duka la dawa, saluni, wakala wa miamala ya simu anayehangaika na floti (salio la kufanyia miamala), fundi wa aluminiamu, kikoba cha mama yako. Siku ya kwanza kubalianeni mambo mawili. Moja, utaruhusiwa kuona risiti za manunuzi, kwa sababu bila hizo utabaki kuhesabu mauzo tu. Pili, siri za mwenye biashara hazitoki. Ripoti niliyompa mhadhiri haikuwa na jina la duka, na kwenye orodha ya wadaiwa kila mtu alikuwa na namba badala ya jina. Shangazi aliisoma kwanza ndipo ikaenda chuoni.