Uwanja wa Nyuma

Nilipokabidhiwa funguo za nyumba ya marehemu shangazi yangu huko Chumbageni, Tanga, mwaka 2014, mlango wa uani haukufunguka, si kwa kutu bali kwa magugu yaliyokuwa yameulalia kwa nje. Wapangaji waliokaa humo baada yake hawakuwa na haja na uwanja ule ila kuutupia vitu: kandambili, vigae vya vyungu, hata pipa lililotoboka ambalo ukoka ulikuwa umelimeza lote.

Sikuwa na fedha za vibarua, na kusema kweli sikutaka mtu mwingine aingie humo. Kila siku baada ya swala ya alfajiri nilifyeka eneo lisilozidi upana wa mkeka, kisha nikaoga na kwenda kazini. Vichaka havikunitesa, kilichonitesa ni ndago. Ukiing'oa juu juu unabaki na majani mkononi, na zile punje zake nyeusi zilizofungamana chini kama tasbihi hubaki mchangani na kuchipua upya, kwa hiyo nililazimika kupiga magoti na kuzifukua moja moja kwa kisu cha jikoni.

Jumamosi moja ya mwezi wa Juni, masika yakiwa yamekwisha, nilifika kwenye pembe ya ukuta palipokuwa na kichaka kilichosongwa na mitambaazi hata hakikujulikana ni cha nini. Nilikwisha kukikata karibu chote, imebaki mashina ya urefu wa dhiraa moja, niliposikia sauti ya bibi jirani kutoka upande wa pili.

“Shikamoo, bibi,” nilisema, panga likiwa bado juu.

“Marahaba. Mwanangu, huo si mwasumini wa shangazi yako unaoukata?”

Nilitazama chini. Katika rundo la matawi, mle ndani ambamo mitambaazi haikufika, palikuwa na ua moja jeupe, dogo, limekwisha kusinyaa. Hapo ndipo nilipokumbuka vile vikuba, vishada vya asumini, ambavyo shangazi alikuwa akivifunga ukumbini kila palipokuwa na harusi mtaani, nami mtoto nikimshikia uzi. Nililiweka panga chini na sikufanya kazi tena siku ile.

Mashina yale niliyamwagilia maji ya kuoshea mchele, nikayawekea samadi, na mwasumini, ambao kumbe hupenda kupogolewa, ukachipua kwa nguvu. Vuli ilipoingia nilikuwa nimekwisha kupanga matofali ya kukanyagia, nimeweka na kiti kimoja tu, kwa makusudi. Hapo ndipo nilipokuwa nikikaa magharibi, redio imezimwa, nikingoja maua yafunguke.

Asubuhi moja niliokota asumini za kujaza kisahani, nikampitishia bibi juu ya ukuta. Alizinusa kwa muda mrefu, akachungulia uwanja wangu kuanzia mlangoni hadi pembeni, kisha akanyoosha kidole kwenye matofali.

“Na ndago zile je?”

Zilikuwa zimechipua katikati ya kila mwanya.